Kimaasai: Lugha iliyoipa Kajiado jina lake

MJI wa Kajiado ulipata jina lake kutokana na maneno ya Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Nairobi nayo imetokana na Enkare Nairobi, maji baridi.

Kimaasai, ambacho wenyewe hukiita Maa, ni lugha ya Kinailoti cha mashariki, jamaa ya Kiturkana na Kibari cha Sudan Kusini. Wasemaji wake wa kale walitoka kaskazini, wakashuka na mifugo kupitia Bonde la Ufa hadi nyanda za Tanzania. Wasamburu na Wachamus wa Baringo huzungumza lahaja zake. Wayaaku wa Mukogodo, Laikipia, waliiacha lugha yao wakaifuata hiyo mwanzoni mwa karne ya 20.

Nomino za Kimaasai hutofautisha jinsia: enkiteng ni ng'ombe jike, olkiteng ni maksai. Kitenzi aghalabu hutangulia katika sentensi, na mpando wa sauti ndio unaoonyesha mtenda na mtendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi mpando huo, hivyo msomaji hutegemea muktadha.

Mmisionari Ludwig Krapf alichapisha orodha ya maneno ya lugha hiyo mwaka wa 1854, naye A. C. Hollis akatoa kitabu kuhusu lugha na ngano zake mwaka wa 1905. Mnamo 1955, John Tompo ole Mpaayei, mwenyewe Mmaasai, alishirikiana na A. N. Tucker kutoa kitabu cha sarufi. Biblia nzima ilitoka mwaka wa 1991.

Shule na biashara zimeleta maneno mapya, kama vile embuku, kitabu, kutoka Kiingereza.

Hata hivyo, mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na ardhi. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba yakauzwa, na wageni kutoka kila pembe ya nchi wakajenga. Sensa ya 2019 ilihesabu Wamaasai zaidi ya milioni 1.1 nchini. Lakini katika soko la Kitengela, Kiswahili ndicho kinachounganisha muuzaji na mnunuzi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali kulinda lugha za wananchi. Ulinzi huo utakuwa na maana iwapo mtoto anayekulia Kitengela ataendelea kuisikia Maa nyumbani, si kuisoma katika majina ya mito pekee.