Jina Sykes na Swali la “Jina la Ukoo”

Mwalimu anayeita mahudhurio kwa miaka mingi hujifunza jiografia bila kufungua atlasi. Jina linaloanza kwa She-, kama Shekilango au Shelukindo, humpeleka Usambara. Kingalu na Kunambi ni majina ya Uluguru. Jina linaloanza kwa Chi- huenda likamleta huku kwetu, kati ya Gairo na Dodoma, ambako Wakaguru na Wagogo hutamka chi- pale Kiswahili kinaposema ki-, na lugha zao huziita Chikagulu na Chigogo. Huenda pia likampeleka kusini, kwa Wayao na Wamakonde, na hapo sikio husubiri silabi zinazofuata kabla ya kuamua. Majina ya namna hii yana anwani.

Yako majina mengine machache yasiyo na anwani ya kusomeka kwa sikio. Katika hayo, lenye umaarufu mkubwa kuliko yote nchini ni Sykes. Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili sikuwahi kuliita darasani, wala sijalikuta katika vijiji vya Gairo. Hata hivyo, hakuna anayeweza kuandika historia ya uhuru wa Tanganyika akaliruka. Ni jina la Kiingereza kwa umbo, lililoletwa na mtu kutoka Msumbiji, likapitia jeshi la Wajerumani, likaota mizizi Dar es Salaam. Nimelichagua, wapenzi wa lugha, kwa sababu linatuonyesha udhaifu wa istilahi tunayoitumia kila siku bila kuichunguza: “jina la ukoo”.

Tuanze lilikozaliwa. Huko Uingereza, Sykes ni jina la kaskazini, hasa la Yorkshire ya magharibi katika eneo la Huddersfield, na pia la Lancashire na Cheshire. Asili yake ni neno la kale lenye maana ya kijito au mfereji wa maji, mara nyingi ule uliotenganisha shamba na shamba. Aliyekaa kando ya mfereji huo aliitwa kwa mfereji wake. Kati ya karne ya 12 na ya 15, majina mengi ya Waingereza yaliacha kuwa maelezo ya mtu mmoja yakawa mali ya kurithiwa: mtoto akabaki Sykes hata baada ya kuhamia mahali pasipo na kijito. Tahajia nazo zilitofautiana. Jambazi wa Charles Dickens katika riwaya ya Oliver Twist anaitwa Bill Sikes, na ni jina lilo hilo. Mark Sykes wa Sledmere, Yorkshire, ndiye aliyekubaliana na Mfaransa Picot mwaka 1916 jinsi ya kugawana nchi za Mashariki ya Kati. Jina la mfereji wa mpaka likaingia katika historia ya mipaka.

Mwaka 2000, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Oxford, Bryan Sykes, aliuliza swali la kijasiri kuhusu jina lake mwenyewe: je, wanaume wenye jina hili ni watu wa damu moja? Yeye na mwenzake walichunguza kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume kama jina linavyorithishwa. Karibu nusu ya wanaume waliopimwa walikuwa na kromosomu ya aina moja. Mfanano huo ulimfanya aamini kwamba jina lilianza na mtu mmoja, na kwamba waliobaki waliingia njiani kwa njia ambazo daftari la kanisa haliandiki. Kwa hiyo kule Yorkshire jina na damu vilitembea pamoja kwa karne nyingi, ingawa si bila kuachana hapa na pale.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima vita vya Abushiri bin Salim katika pwani. Jeshi lake lilikuwa la kukodi: Wasudani mia kadhaa walioandikishwa Misri, na askari kutoka Inhambane, kusini mwa Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu ingawa wengi wao walikuwa Washangani. Mwaka huohuo Abushiri alishambulia kituo cha Wajerumani huko Mpwapwa, na Wissmann akapanda bara na kujenga boma hapo. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa ilikatiza nchi hii ya Ukaguru, kupitia Mamboya, ambako wamisionari wa CMS walikuwa wamekwisha kuweka kituo. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Miongoni mwa watu wa Inhambane alikuwamo mtu aliyeandikwa Sykes Mbuwane. Mwaka 1894, huko Pangani, alizaliwa mwanawe aliyepewa jina la Kleist. Mbuwane alikufa mapema, na mtoto akalelewa na Affande Plantan, askari mwenzake baba yake, aliyetoka naye Msumbiji. Yatazameni majina ya nyumba hiyo. Kleist, kwa Wajerumani, ni jina la ukoo wa kikabaila wa Prussia. Mwandishi Heinrich von Kleist, aliyekufa mwaka 1811, alikuwa wa ukoo huo. Huku likawa jina la kwanza la mtoto wa Kiafrika. Mmoja wa watoto wa Plantan aliitwa Schneider, nalo kwa Kijerumani ni jina la ukoo lenye maana ya mshonaji. Nduguye, Ramadhani Mashado Plantan, alikuja kuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Zuhra. Ndani ya nyumba moja ya Kiislamu palikutana majina ya Yorkshire, ya Prussia, ya Kiarabu na ya Msumbiji.

Kleist alilitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa karani wa reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mjini Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na yeye katibu. Alifariki mwaka 1949. Wanawe Abdulwahid na Ally walipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, wakarudi na kuingia katika siasa. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kadi namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, na namba 3 ya Abdulwahid Sykes. Mwandishi Mohamed Said ametumia kitabu kizima kuonyesha kwamba nafasi yao katika historia rasmi ilipunguzwa. Kabla yake, mwaka 1973, Daisy Sykes Buruku alikuwa ameandika maisha ya babu yake Kleist katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Jina limeendelea: mjukuu aliyeitwa tena Kleist Sykes alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii, na vijana wanalifahamu kupitia Dully Sykes wa Bongo Fleva.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana jambo langu ni la lugha. Mtu akisoma “Kleist Sykes” kwa jicho la Kiingereza, huona jina la kwanza na jina la ukoo. Akisoma kwa jicho la Kiswahili, huona sentensi fupi iliyokatwa neno la kati: Kleist *bin* Sykes. Sykes lilikuwa jina la baba, mtu mmoja. Angalieni kizazi kinachofuata: Abdulwahid Kleist Sykes, Ally Kleist Sykes, Abbas Kleist Sykes. Huo ni mpangilio wetu wa kawaida: jina lako, la baba yako, la babu yako. Kwa kanuni hiyo, wajukuu wa Kleist wangeishia na jina Kleist, na Sykes lingepotea kama yanavyopotea majina ya mababu wengi. Halikupotea. Lilikwama mahali pake, na hapo ndipo lilipogeuka kuwa jina la ukoo kwa maana ya Waingereza.

Jambo lilo hilo limempata mshairi wetu mkuu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alijulikana pia kama Shaaban bin Robert. Robert alikuwa baba yake. Leo wanafunzi husema “Robert anasema katika shairi hili”, kama vile washairi wa Kiingereza wanavyotajwa, nao bila kujua wanamtaja baba kwa kazi ya mwana. Kuanguka kwa *bin* na *binti* katika maandishi yetu kulionekana kuwa ufupisho tu. Kumbe kulibadilisha sarufi ya utu: neno lililosema “huyu ni mtoto wa yule” likaondoka, na majina mawili yakabaki yamesimama bega kwa bega bila kuelezana.

Na katika kukwama kwa Sykes, kuna jina lililodondoka. Ni Mbuwane. Hilo ndilo lililobeba lugha na nchi ya huyo askari; mtu wa kusini mwa Msumbiji angelisikia akajua pa kuanzia kuuliza. Sykes ya Tanzania haina damu ya Yorkshire, na kipimo cha Oxford kingekuta kromosomu ya Inhambane chini ya neno la Kiingereza. Jina lililosalia linatuambia njia ambayo familia ilipita na kalamu zilizoiandika. Jina lililotuambia watu wake wenyewe limebaki vitabuni.

Nikirudi Gairo, naona jambo hili kwa ukubwa wake. Wakaguru, kama jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba alikuwa na sauti kubwa katika ndoa, mirathi na matambiko. Misheni ikaja na daftari la ubatizo, serikali ikaja na daftari la kodi, shule ikaja na rejista. Madaftari yote matatu yaliuliza baba ni nani. Hakuna ubaya kuulizwa baba. Ubaya ni kwamba fomu za siku hizi zina kisanduku kilichoandikwa “jina la ukoo”, na Mkaguru hujaza humo jina la babu yake mzaa baba. Kwa desturi ya nchi hii, babu huyo ni wa ukoo mwingine, na kwa kawaida hata baba mwenyewe si wa ukoo wa babu huyo. Kisanduku kinauliza ukoo, kinajibiwa kwa jina la mtu, na ukoo halisi hauandikwi popote. Tukisema lugha ni sahihi pale neno linapolingana na kitu, basi istilahi hiyo, kwa mtoto wa Kikaguru, inasema uongo kwa nia njema.

Bryan Sykes niliyemtaja alipata umaarufu mkubwa zaidi kwa kitabu cha mwaka 2001 kuhusu nasaba za akina mama, akifuatilia mitokondria, chembe ya urithi ambayo mama huwapa watoto wake wote na ambayo ni binti tu huiendeleza. Wazee wa Ukaguru na Uluguru walikuwa wakiitunza nasaba ya aina hiyo kwa kumbukumbu, bila maabara. Wanaoikumbuka wanapungua. Vijana wengi wa mjini Gairo wanaweza kunitajia majina matatu ya upande wa baba, yaliyo kwenye vyeti vyao. Nikiwauliza ukoo wa mama, hunielekeza kwa bibi. Bibi akiondoka, cheti hakitawasaidia.

Sipendekezi turudishe *bin* kwa nguvu, wala kuwabadilishia watu vyeti. Pendekezo langu la kwanza ni kwa wanaotunga istilahi na fomu: kisanduku kile kiitwe “jina la babu” pale kinapomaanisha babu, na “jina la ukoo” libaki kwa ukoo. La pili ni kwenu washairi. Katika mashairi yetu ya magazetini, mtunzi hutaja jina lake katika beti za mwisho, na chini ya shairi huandika mji wake. Ni sehemu chache sana za maandishi ya Kiswahili ambamo mtu hujitambulisha kwa maneno anayoyachagua mwenyewe. Mpeni mama mizani chache humo. Mwenye asili ya Ukaguru ataje ukoo uliomzaa, Mluguru vivyo hivyo, na mwenye Mbuwane wake aliyedondoka njiani amtaje. Mwenye bibi aliye hai na amuulize kwanza, kalamu ikiwa mkononi.