Kiungo Kisichouma: Kutoka Kaswende hadi Sukari

Kiungo kilichopoteza hisia huweza kuvunjika na kusagika huku mwenyewe akiendelea kukikanyagia. Maradhi hayo huitwa ugonjwa wa Charcot, kwa jina la Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliyeyaeleza mwaka 1868 kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaharibia uti wa mgongo. Yeye aliamini kwamba neva zilizokufa huacha kulisha mfupa. Wapinzani wake wa Ujerumani walisema ni majeraha madogo yasiyosikika, yanayojirudia kila hatua. Leo inakubalika kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Penisilini ilipoidhibiti kaswende, ukoma ulibaki kuwa chanzo cha viungo visivyouma. Afrika Mashariki na Kati ziliujua vyema ugonjwa huu unaoua neva za mikono na miguu, na Burundi hadi leo inaushughulikia pamoja na kifua kikuu chini ya mpango mmoja wa taifa. Tiba ya dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huua vimelea, lakini neva iliyokwisha kufa haiirudishi. Huko Vellore, India, daktari Paul Brand alionyesha kwamba vidonda vya nyayo za wenye ukoma hupona mguu ukifungwa hogo, kwa sababu tu umepumzishwa.

Ugonjwa wa sukari ulihusishwa na viungo vya Charcot mwaka 1936, na daktari William Jordan. Insulini, iliyoanza kutumika mwaka 1922, ilikuwa imewapa wagonjwa umri mrefu, na umri huo ukazipa neva muda wa kuharibika. Sasa sukari ndiyo sababu kuu ya ugonjwa wa Charcot duniani.

Mwenye sukari wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyevaa kandambili anaweza kuteguka ukingoni mwa mtaro asihisi chochote. Baadaye mguu unavimba, unakuwa mwekundu, na kiganja kikiwekwa juu yake huusikia una joto kuliko wa pili. Maumivu ni kidogo, au hakuna kabisa. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonekana safi, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa za maambukizi au za jongo. Hilo ndilo kosa linalogharimu mguu, kwani kila hatua huzidi kuvunja mifupa, hadi upinde wa unyayo unaporomoka na kidonda kutokea. Tiba ni hogo kwa miezi kadhaa, bila kukanyagia.

Mwenye sukari anayeona mguu mmoja umevimba na kupata joto bila kidonda asisubiri maumivu: aache kuukanyagia, afike hospitali siku hiyohiyo na kumwambia daktari kwamba ana sukari.