Mazoezi ya mwendo na mdundo kwa watoto wenye matatizo ya kujifunza

Mazoezi ya mwendo na mdundo kwa watoto wenye matatizo ya kujifunza ni njia mbalimbali za kumsaidia mtoto anayepata shida ya kusoma, kuandika, kuhesabu au kutulia darasani kwa kutumia mwili wake. Miongoni mwake kuna kupiga makofi, kutembea kwa kufuata ngoma, kuruka, kusawazisha mwili, kuimba kwa vitendo na kurudia miondoko maalumu kila siku. Baadhi ya njia hizo zilibuniwa na walimu wa muziki, nyingine na wataalamu wa tiba, na nyingine huuzwa na watu binafsi kama programu za miezi mingi.

Njia hizo hazifanani, wala matokeo yake si sawa. Utafiti wa zaidi ya miaka 50 unaonyesha kwamba kwa kawaida zoezi humsaidia mtoto katika jambo linalofanana nalo. Anayefanya mazoezi ya kutembea juu ya ubao mwembamba huwa hodari wa kutembea juu ya ubao. Kusoma kwake hakubadiliki kwa sababu hiyo tu. Kwa upande wa kusoma, mazoezi yenye matumaini zaidi ni yale yanayoshika sauti za lugha yenyewe.

Watoto wanaohusika

Neno "matatizo ya kujifunza" linajumlisha hali kadhaa. Mtoto mwenye disleksia hupata shida ya kusoma na kuandika maneno, hasa kwa sababu ya ugumu wa kutambua na kupanga sauti zinazounda neno. Mwenye diskalkulia hupata shida hiyo katika namba. Mwenye dispraksia ana ugumu wa kuratibu mwendo: huchelewa kufunga vifungo vya shati, hudondosha vitu, na mwandiko wake huwa mgumu kusomeka. Hali hii ya mwisho hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wenye umri wa kwenda shule. Wengine wana upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Hakuna hata moja kati ya hali hizi inayomaanisha kwamba mtoto hana akili.

Mara nyingi hali mbili au tatu humpata mtoto mmoja. Ndiyo maana walimu wengi wameona kwamba anayesoma kwa shida ni yuleyule anayejikwaa uwanjani, wakafikiri kwamba mwili ukinyooshwa na kusoma kutanyooka. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Nadharia nyingi zinazoelezwa hapa chini zilianguka kwenye shimo hilo.

Kabla ya zoezi lolote, macho na masikio ya mtoto yanapaswa kupimwa. Katika madarasa yenye wanafunzi wengi ni rahisi mtoto asiyeona ubao kuitwa mvivu kwa miaka miwili au mitatu.

Chanzo katika ufundishaji wa muziki

Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950), mwanamuziki wa Uswisi aliyezaliwa Vienna, alianza kufundisha katika chuo cha muziki cha Geneva mwaka 1892. Aliona kwamba wanafunzi wake walijua kupiga vyombo kwa vidole lakini hawakuusikia mdundo mwilini. Akawainua vitini, akawafanya watembee, wasimame na kubadili hatua kadiri piano ilivyobadilika. Mwaka 1911 shule yake ilikuwa Hellerau, karibu na Dresden nchini Ujerumani, na mwaka 1915 chuo chenye jina lake kilifunguliwa Geneva. Njia yake ilikusudiwa kwa wanamuziki, lakini baadaye ilichukuliwa na walimu wa watoto wenye ulemavu.

Carl Orff (1895–1982) alishirikiana na Dorothee Günther katika shule iliyoanzishwa Munich mwaka 1924. Huko maneno, wimbo, dansi na vyombo vya kugonga vilifundishwa kama kitu kimoja. Gertrud Orff aliuendeleza utaratibu huo kuwa tiba ya muziki kwa watoto wenye matatizo ya ukuaji.

Nchini Hungaria, daktari András Pető (1893–1967) alifundisha watoto wenye mtindio wa ubongo mjini Budapest. Katika mtindo wake mtoto husema au huimba tendo analolifanya, kisha hulitekeleza huku akihesabu polepole: "Nainua mkono, moja, mbili, tatu." Mdundo wa sauti hutangulia na mwili hufuata.

Nadharia za "kurekebisha ubongo"

Kuanzia katikati ya karne ya 20 lilizuka kundi la njia zenye dai kubwa zaidi: kwamba miondoko fulani hurekebisha ubongo, na ubongo ukisharekebishwa, kusoma huja kwenyewe.

Nchini Marekani Glenn Doman na Carl Delacato walifundisha kwamba mtoto aliyeruka hatua ya kutambaa ana pengo katika ubongo. Watu wazima kadhaa walimlaza mtoto mezani na kuisogeza miguu, mikono na kichwa chake kwa kuiga kutambaa, mara kadhaa kwa siku, kila siku. Familia zilihitaji majirani wa kujitolea ili kuutimiza utaratibu huo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa maonyo mwaka 1968, 1982 na tena 1999, kikieleza kwamba nadharia yenyewe haina msingi na kwamba mzigo kwa wazazi ni mkubwa mno. Mzigo huo haukuwa wa fedha pekee: mzazi aliyeshindwa kuutimiza utaratibu aliweza kujiona kuwa ndiye aliyemkosesha mwanawe kupona.

Newell Kephart alichapisha mwaka 1960 kitabu juu ya mwanafunzi mzito darasani. Alipendekeza mbao za kusawazishia mwili, michoro ya duara ubaoni na michezo ya kulenga. Shule nyingi za Marekani zilinunua vifaa hivyo. Mwaka 1983 Kenneth Kavale na Dennis Mattson walijumlisha matokeo ya majaribio 180 ya mazoezi ya aina hiyo, wakakuta faida iliyo karibu na sifuri katika kusoma na hesabu.

A. Jean Ayres (1920–1988), mtaalamu wa tiba kwa vitendo huko California, alieleza mwaka 1972 kwamba ubongo wa baadhi ya watoto haupangi vizuri taarifa za mguso, mizani na viungo. Bembea na magodoro yanayotumika leo katika vyumba vingi vya tiba yanatokana na kazi yake. Njia hiyo ina wafuasi makini, na huweza kusaidia katika shughuli za kila siku, lakini haichukui nafasi ya somo la kusoma.

Paul na Gail Dennison walieneza miondoko 26 iitwayo Brain Gym, ikiwemo kuvuka mkono upande wa pili wa mwili na kusugua sehemu za kifua zinazoitwa vifungo vya ubongo. Iliingia katika shule nyingi za Uingereza hadi mwaka 2008, ambapo vyama vya wanasayansi viliziandikia mamlaka za elimu kwamba maelezo yake kuhusu mwili si ya kweli. Watoto waliosimama na kujinyoosha huenda walichangamka, kama mtu yeyote anavyochangamka akinyanyuka kitini. Maelezo ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Jaribio moja linastahili kutajwa kando. Mwaka 2000 Martin McPhillips na wenzake wa Belfast walichapisha utafiti juu ya watoto 60 waliosoma kwa shida na ambao bado walikuwa na mwitiko wa shingo wa mtoto mchanga, ule unaonyoosha mkono upande ambao kichwa kimegeukia. Kundi moja lilirudia miondoko ya utotoni, la pili lilifanya miondoko mingine, la tatu halikufanya kitu. Kundi la kwanza liliendelea vizuri zaidi katika kusoma. Muundo wa jaribio ulikuwa mzuri, lakini linawahusu watoto wenye mwitiko huo tu. Kulitumia kuuzia mazoezi kwa kila mtoto asiyejua kusoma ni kulivuta kupita lilipofika.

Mdundo wa usemi

Njia nyingine ya kufikiri haianzii miguuni bali sikioni. Usha Goswami wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wengi wenye disleksia hawatofautishi vizuri jinsi sauti inavyopanda mwanzoni mwa silabi. Kupanda huko ndiko kunakoliambia sikio kwamba silabi mpya imeanza. Usemi wa kawaida hubeba silabi zipatazo 4 hadi 8 kwa sekunde, na msikilizaji asiyeshika mapigo hayo huzikosa pia sauti ndogo zilizomo ndani yake. Watoto haohao mara nyingi hushindwa kugonga kidole sawasawa na metronomu.

Kutokana na hilo majaribio yamefanywa. Nchini Italia watoto 46 wenye disleksia waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata mafunzo ya muziki yenye kutilia mkazo mdundo, wengine mafunzo ya kuchora. Baada ya miezi 7 kundi la muziki liliwazidi wenzao katika kutambua sauti za maneno na katika kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 2013 kwamba watoto wenye disleksia au matatizo ya lugha hugundua makosa ya sarufi vizuri zaidi wakitangulia kusikiliza mdundo wa muziki ulio thabiti kuliko ule uliovurugika. Makundi ya watoto katika tafiti hizi ni madogo, na hakuna anayedai kwamba ngoma peke yake hufundisha kusoma.

Matumizi katika Kiswahili

Kiswahili kinafaa sana kwa mazoezi haya. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno huandikwa karibu kama linavyotamkwa. Kiitaliano kina sifa zinazokaribiana na hizo, hivyo matokeo ya Italia yanaweza kumfaa mwalimu wa Kiswahili kuliko yale ya Uingereza. Katika lugha zinazoandikwa hivyo, mtoto mwenye disleksia mara nyingi husoma kwa usahihi lakini polepole mno, na kwa sababu hiyo husahaulika.

Zoezi la msingi ni kofi moja kwa kila silabi: ma-ma makofi mawili, ki-ta-bu matatu. Mwalimu anapaswa kujiandaa kwa maneno yanayotega. Mtoto ni m-to-to, makofi matatu, kwa kuwa m ya mwanzo ni silabi kamili. Mbuzi ni mbu-zi, mawili tu. Mbwa nayo ni mawili, m-bwa, na nchi vilevile, n-chi. Kaa hupigwa mawili, ka-a. Maneno ya mkopo kama daftari, ambamo konsonanti hufunga silabi, yafaa yasubiri. Makofi yakishaeleweka, mtoto huonyeshwa silabi ileile imeandikwa, akaigusa kwa kidole anapoitamka. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Darasa linalopiga makofi kwa furaha bila kuona herufi limecheza tu, jambo ambalo si baya, lakini halijasoma.

Michezo ya watoto ya pwani na bara, kama ukuti, kuruka kamba na michezo ya kupigana viganja, tayari ina mapigo, zamu na kuhesabu. Kuruka kamba kwa kuhesabu mbilimbili au tanotano ni somo la hesabu lisilohitaji fedha. Huko Ujerumani, jaribio la mwaka 2011 liliwafanya watoto wa chekechea wakanyage kushoto au kulia juu ya mkeka wa dansi kuonyesha kama namba ni ndogo au kubwa kuliko nyingine. Walijua kupanga namba kwenye mstari vizuri zaidi kuliko walipofanya zoezi kama hilo kwa mkono kwenye kompyuta. Hapa mwendo wenyewe ulikuwa na maana ya namba.

Umakini na uratibu wa mwili

Mwaka 2013 Matthew Pontifex na wenzake waliwapa watoto 20 wenye upungufu wa umakini, na wengine 20 wasio nao, dakika 20 za kutembea kwa kasi au kukimbia polepole kwenye mashine. Baada ya hapo watoto walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kusoma na hesabu kuliko walipokuwa wameketi wakisoma kwa muda huohuo. Faida hiyo ni ya muda mfupi, lakini inatosha kuhoji adhabu ya kumnyima mtoto mtukutu mapumziko.

Kwa mtoto mwenye dispraksia, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unapendekeza kufundisha kazi yenyewe anayoihitaji: kufunga kamba za viatu, kuandika, kudaka mpira. Mdundo huweza kumsaidia kupangilia hatua, kama mtu anavyotwanga kwa wimbo.

Huduma na tahadhari

Nchini Kenya vituo vya serikali vya kutathmini watoto vilianza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1986. Nchini Tanzania walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika chuo cha Patandi mkoani Arusha, miongoni mwa vingine.

Mzazi anayeombwa ada ya programu ya mwendo ana haki ya kuuliza ni ujuzi gani utakaobadilika, utapimwa vipi, na baada ya wiki ngapi. Jibu likiwa "ubongo wake utafunguka", bila kutaja kusoma sentensi au kuandika jina, ni afadhali kusita. Gharama kubwa zaidi ni muda: mtoto wa darasa la pili anayesubiri mwaka mzima miondoko ifanye kazi anafika la tatu bila kusoma, wakati masomo mengine yote yameshaanza kutegemea kusoma.

Mazoezi mengi ni salama, isipokuwa katika hali chache. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa Down wana ulegevu wa mifupa ya juu ya shingo, hivyo kupiga vichwa chini miguu juu na kubiringika kusubiri uchunguzi wa daktari. Mwenye kifafa asipandishwe juu ya ubao au kamba bila mtu wa kumshika. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na sauti ya ngoma ndani ya chumba kidogo; kugonga mapaja au meza kwa vidole hufanya kazi ileile.