Watafiti wakishuka mu kartie: mikutano ya raia juu ya volkano katika muji wa Goma

Mukutano wa watafiti na raia ni ule mukutano ambao mutafiti anaacha biro na mashini zake, anaenda kule watu wanaishi: mu shule, mu kanisa, kwenye uwanja wa kartie. Anaeleza kazi yake kwa luga ambayo watu wanasikia, kisha anajibu maulizo. Ulaya iko na namna zake. Mu Leeds, Uingereza, Duncan Dallas alianzisha kafe ya sayansi mwaka 1998: watu wanaikaa na kinywaji, mutafiti anazungumuza kidogo, na wakati mwingi ni wa maulizo. Tangu 2005 kuko pia usiku wa watafiti, unafanyika kila mwaka mu mwezi wa Septemba. Mu Goma mambo ni tofauti. Hapo mukutano unafanyika chini ya mulima wenye moto, na jibu la mutafiti linaweza kuamua kama familia italala nyumbani ao itabeba godoro.

Nyiragongo iko kaskazini ya muji, kilometre 15 hivi, na inapanda mpaka metre 3470. Lava yake ni ya majimaji sana, inakimbia kuliko lava ya volkano zingine nyingi. Tarehe 10 Januari 1977 bwawa la lava la kule juu lilimwagika kwa muda mufupi, na wakaaji wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia mu Goma yenyewe, ikapita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika mu ziwa.

Mambo ya 2002 njo yanaonyesha kwa nini hii mikutano iko na maana. Watu mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi, lakini wengi walirudia kisha siku mbili tatu tu, wakati lava ilikuwa ingali moto. Kisha stasyo moja ya mafuta ikalipuka watu wakiwa wanachota mafuta karibu na ile lava, makumi wakafa. Volkano ilikuwa imekwisha kutulia. Kilichowaua ni jambo ambalo mutu angeweza kuwaeleza mbele: lava inakuwa nyeusi juu, lakini chini inabakia moto siku nyingi.

Kituo cha kuchunguza volkano, wakaaji wanaita tu OVG, kinafanya mikutano ya namna hiyo pamoja na watu wa Protection Civile na wa Croix-Rouge. Somo la kwanza ni la rangi ine. Kijani: mambo ni ya kawaida. Manjano: kuwa macho. Oranje: jitayarishe. Nyekundu: hatari imefika. Mutoto wa primere anazishika kwa siku moja. Kazi ngumu inakuja kisha hapo, wakati mama mumoja anasimama na kuuliza: kama ni nyekundu, nitapitia barabara gani na watoto watano, na nani atalinda duka langu? Hilo ulizo si la mutafiti peke yake. Kama shefu wa kartie hayuko mu mukutano, litabakia hewani.

Watafiti nao wanapata kitu. Mufano muzuri ni mazuku. Ile gazi ya kaboniki inatoka mu udongo, upande wa kwenda Sake na kandokando ya ziwa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya mu mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubui wakati hakuna upepo. Inaua mbuzi, mbwa, na watoto mbele ya watu wakubwa, juu wao wako chini karibu na udongo. Wakaaji walikuwa wanajua ile mahali zamani, wanaiita mazuku, maana yake upepo mubaya. Leo wanasayansi wa dunia nzima wanaandika hilo neno vile liko, mazuku, mu vitabu vyao. Pale wanainchi walikuwa wa kwanza kufundisha. Tena, mutu mwenye shamba kule Kibati anaweza kuona ufa mupya, moshi ao majani yaliyokauka bila jua, mbele mashini ioneshe kitu.

Lakini mwaka 2021 imani iliyumba. Jumamosi tarehe 22 Mei magaribi, lava ilishuka bila onyo lolote, ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine kwa aksida wakikimbia, wengine walikosa pumzi wakivuka lava ambayo haijapoa. Usiku wa tarehe 27, gavana wa kijeshi akaamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 waondoke, juu magma ilikuwa imeonekana chini ya muji na chini ya ziwa. Watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Rwanda. Volkano haikulipuka mara ya pili. Wengi wakarudia na hasira: siku ya moto hamukusema, siku bila moto mukatufukuza.

Hasira hiyo iko na sababu, lakini jibu pia liko. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kama mulima ulitoa alama chini ya saa moja tu mbele ya lava kutoka. Na magma chini ya ziwa si kitu cha kuchezea: Kivu inafunga kilometre kibiki 300 hivi za gazi ya kaboniki na 60 hivi za metani, na mu Kameruni, mwezi wa Agosti 1986, gazi iliyotoka mu ziwa Nyos iliua watu 1700 hivi. Mutafiti mwenye kusema wazi «hatuwezi kujua siku» anaonekana muzaifu ile siku, lakini mwenye kuficha anapoteza watu kwa miaka.

Zaidi, mikutano inaharibika kwa mambo madogo. Mutafiti anaongea Kifaransa cha iniversite mbele ya wazee. Mukutano unapangwa siku ya soko, mama wanakosa. Kuko viti vya wakubwa mbele, na nusu ya wakati inakwisha na salamu. Mahali pengine wametumia muchezo Hazagora, uliotengenezwa na watafiti wa Ubelgiji: wachezaji wanajenga nyumba, visima na barabara mu kisiwa chenye volkano, kisha karata inaleta hatari, na kila mumoja anaona alichosahau kutayarisha.

Kwa wakati huu, jambo moja kila mukutano unapaswa kurudilia: ukikuta mbuzi wamekufa mu shimo asubui, bila kidonda, usishuke kuwatoa. Zuia watoto, ita shefu wa kartie, yeye atajulisha OVG.