Manukato kwenye sabuni, mishumaa na mafuta ya kupaka: kiasi gani kinatosha?

Kila tunapopeleka hewani kipindi cha ujasiriamali, maswali yanayotufikia zaidi si ya kostiki wala ya rangi. Ni ya harufu. Msikilizaji ametengeneza sabuni nzuri, ngumu, yenye povu, lakini baada ya wiki tatu hainukii tena. Mwingine ameongeza manukato mara mbili ili harufu idumu, na wateja wamerudi wakilalamika mikono inawasha. Mwingine mshumaa wake unatoka jasho na ukiwashwa unarusha moshi mweusi. Manukato ndiyo malighafi ghali kuliko nyingine kwenye ndoo yako, na pia ndiyo inayoweza kumdhuru mteja hata kama vingine vyote umevipima sawasawa. Kwa hiyo tumeona tuyaandike mambo haya, uyasome kwa utulivu na uyahifadhi kwenye simu.

Kilichomo ndani ya chupa

Sokoni neno manukato linauzwa kwa vitu vinne tofauti, na matatizo mengi huanzia hapo.

Cha kwanza ni mafuta ya manukato ya viwandani. Hayo huchanganywa na wataalamu kutokana na kemikali za harufu, nyingine za kutengenezwa, nyingine zinazotoka kwenye mimea. Ndiyo yenye majina kama waridi, tufaha au asumini, na ndiyo wengi wetu tunanunua yakiwa yamepimwa upya kwenye vichupa vidogo. Cha pili ni mafuta ya mimea yenyewe, yanayopatikana kwa kupitisha mvuke wa maji kwenye majani, maua au vikonyo, kisha kuupoza. Wazanzibari wanayajua vizuri: kule Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda kinachotoa mafuta kutoka makonyo ya karafuu, na mchaichai na mkaratusi hutolewa mafuta kwa njia hiyo hiyo. Jirani zetu wa Komoro wamejulikana dunia nzima kwa mafuta ya langilangi.

Vingine viwili si vya kazi hii. Pafyumu ya kujipulizia imejaa spiriti. Ukiitia kwenye nta ya moto inaweza kulipuka moto, na ukiitia kwenye sabuni mbichi inaweza kuigandisha ghafla. Arki ya keki nayo imetengenezwa kwa ajili ya unga na mayai. Haistahimili ukali wa kostiki, na nyingi zina maji ambayo hayaingii kwenye nta. Muulize muuzaji waziwazi: haya ni mafuta, au yana spiriti? Yanafaa kwa ngozi, au ni ya mishumaa tu? Akishindwa kujibu, nenda duka linalofuata.

Tungependa pia kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba kinachotoka kwenye mmea hakidhuru. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ile ile inayotia ganzi jino linalouma, na yakipakwa bila kuzimuliwa huchoma ngozi. Mafuta ya magome ya mdalasini ni makali zaidi. Ngozi ikishakataa harufu fulani, kwa kawaida huikataa maisha yote: mteja aliyeota vipele kwa mdalasini wako leo ataota vipele kwa mdalasini wa mtu mwingine miaka kumi baadaye.

Pima kwa uzito

Vipimo vya kizibo, vya kukadiria kwa jicho na vya "mpaka inukie" ndivyo vinavyowaharibia watu kazi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Asilimia moja ya kilo moja ni gramu 10. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inatosha, na kwa kiasi kidogo sana nunua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, kwenye duka la dawa. Mililita moja ya mafuta ya manukato inakaribia gramu moja, na kijiko cha chai ni kama mililita 5.

Viwango vinavyotumiwa na watengenezaji wengi wadogo ni hivi. Kwa sabuni ya kipande ya kuogea, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mafuta, yaani kwa kilo 2 za mafuta ya nazi na mawese utatia gramu 40 hadi 60. Kwa sabuni ya maji, asilimia 0.5 hadi 1: ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 100, na ukifika 200 simama. Kwa mafuta ya kupaka mwilini, ambayo hubaki kwenye ngozi mchana kutwa, anza na asilimia 0.5, yaani gramu 5 kwa kilo, na usivuke asilimia 1. Kwa karafuu, hata hiyo asilimia 0.5 kwenye mafuta ya kupaka ni kikomo. Kwa mshumaa wa parafini ya kawaida, asilimia 3 hadi 5 inatosha. Nta nyingine, kama ya soya, huweza kubeba zaidi.

Hivyo ni viwango vya kuanzia. Kila manukato ya viwandani yana kikomo chake kulingana na kilichomo. Shirika la kimataifa la watengeneza manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, limegawa bidhaa kwenye makundi, na mtengenezaji makini hutoa cheti kinachoonyesha kikomo cha kila kundi. Tafuta kundi la 9 kwa sabuni ya kuogea, 5A kwa mafuta ya kupaka mwilini, na 12 kwa mishumaa. Cheti kikisema asilimia 0.8 kwa kundi la 9, basi ni 0.8, hata kama jirani anatia 3. Vichupa vilivyopimwa upya mara nyingi havina cheti. Ukilazimika kununua hivyo, tumia kiwango cha chini kabisa, na usiyatie kwenye kitu cha kupaka.

Sabuni ya kipande

Kabla ya harufu, tukumbushane kostiki, maana hapa watu wamepoteza macho. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa, na watoto wawe mbali. Usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu: kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua.

Manukato hutiwa mwishoni, mchanganyiko unapokuwa kama uji mwepesi. Ukiyatia mapema, kostiki ambayo bado ni kali huyala. Ukingoja mpaka uji uwe mzito, hayasambai sawa, na kipande kimoja kitanukia kuliko kingine.

Tatizo linalowatisha wengi ni sabuni kuganda ndani ya ndoo mara tu manukato yanapoingia. Unakoroga, na ghafla umeshika mwiko uliosimama wenyewe. Karafuu ni maarufu kwa kufanya hivyo kwa sababu ya ile yujenoli, na manukato mengi ya maua hufanya vilevile. Dawa yake ni kujiandaa. Acha mafuta na maji ya kostiki vipoe mpaka vuguvugu, kama nyuzi 35 hadi 40. Changanya manukato kwanza na sehemu ndogo ya mafuta uliyokwisha kupima, ili yasiingie kwa ukali wake wote. Koroga kwa mkono, weka mashine kando, na umbo lako liwe tayari pembeni. Ikiganda hata hivyo, usiitupe. Ukiwa bado na glavu, ishindilie kwenye umbo, au ipashe kwa moto mdogo mpaka ilegee, kisha uimimine. Itakuwa na sura mbaya, lakini itatakata nguo.

Vanila nayo ina tabia yake: hugeuza sabuni kuwa ya kahawia, wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Si kuharibika. Ukitaka sabuni nyeupe, chagua harufu nyingine.

Kuhusu harufu kupotea, sababu ya kwanza tunayoisikia ni kuanika sabuni juani. Jua hufukuza harufu. Ipange kivulini, penye upepo, vipande visigusane, kwa wiki 4 hadi 6. Sababu ya pili ni aina ya harufu. Mafuta ya limao na chungwa huruka upesi hata ukiyafanyia kila kitu sawa, lakini mchaichai hudumu, karafuu hudumu, na pachuli hudumu zaidi. Anayetaka harufu ya ndimu inayokaa, sisi tungemshauri atumie mchaichai.

Sabuni ya maji

Mafuta hayapendi maji, kwa hiyo manukato yakimwagwa moja kwa moja kwenye ndoo yataelea juu. Yachanganye kwanza na slesi kidogo mpaka yashikane, kisha tia mchanganyiko huo kwenye sabuni iliyopoa, ukikoroga taratibu. Baadhi ya manukato huifanya sabuni iwe nyepesi au ivuke rangi kama maji ya mchele. Jaribu kwenye lita moja kabla ya kuharibu ndoo nzima.

Tuseme neno moja kuhusu fomalini, maana mapishi mengi yanayozunguka kwenye simu yanaitaja kama kihifadhi, na manukato mengi yanatiwa ili kuficha harufu yake. Fomalini ni fomaldehaidi ndani ya maji. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na anayeivuta zaidi ni wewe unayekoroga. Omba kihifadhi kingine kwenye duka la kemikali, kwa mfano fenoksietanoli. Na manukato hayahifadhi chochote: sabuni au losheni yenye maji ikikosa kihifadhi itaota ukungu huku ikinukia vizuri.

Mafuta ya kupaka

Hapa ndipo pa kuwa mbahili. Yeyusha mafuta ya mgando au ya nazi ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, yatoe, subiri mpaka chombo kishikike kwa mkono, ndipo utie manukato na kukoroga kabla hayajaganda. Mafuta ya limao au ndimu yaliyokamuliwa kutoka maganda usiyatumie kwa kitu atakachopaka mtu anayekwenda shambani, kwa sababu yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Mafuta ya watoto wachanga yaache bila harufu kabisa, hata mama akiomba.

Kila mchanganyiko mpya ujaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, uache siku mbili. Ukiona wekundu, mwasho au vipele, mchanganyiko huo hauuzwi.

Mishumaa

Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya jiko. Chombo cha nta kikae ndani ya sufuria ya maji, na usiondoke hata kumjibu mgeni anayebisha hodi. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Ukimwagia maji, moto utaruka. Nta ikishayeyuka yote, iondoe jikoni, tia manukato na ukoroge kama dakika mbili nzima. Wengi hukoroga mara tatu tu, na mafuta hushuka chini.

Jasho juu ya mshumaa maana yake nta imeshiba na haiwezi kubeba mafuta zaidi. Mafuta yanayobaki huziba utambi, au huwaka yenyewe kwa mwali mkubwa na moshi. Kuongeza manukato hakuongezi harufu baada ya hapo. Wakati mwingine tatizo ni utambi mwembamba, kwa hiyo badili utambi kabla ya kugusa chupa. Acha mshumaa ukae wiki moja, kisha washa mmoja mpaka uishe ukiwa unautazama. Tahadhari na vifuu vya nazi vinavyopendwa na watalii: kifuu ni kuni, na mwali ukifika ukingoni kinawaka. Kikombe cha bati ni salama zaidi.

Mishumaa ya mchaichai huuzwa kwa madai ya kufukuza mbu. Inapunguza kidogo tu, karibu na mshumaa wenyewe, na upepo ukivuma hata hiyo haipo. Iuze kwa harufu yake. Malaria inazuiwa kwa chandarua chenye dawa, na mshumaa haupaswi kuwaka karibu na chandarua.

Kutunza na kuuza

Weka manukato kwenye chupa ya kioo cheusi, mahali pa baridi. Vikombe laini vya plastiki nyeupe huyeyushwa nayo, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa wake kwa mafunzo na maelekezo. Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Kwenye lebo andika vilivyomo, tarehe ya kutengeneza na namba ya toleo, na kwenye daftari lako andika manukato gani uliyatia, gramu ngapi, na uliyanunua wapi. Mteja akirudi na mkono uliovimba, daktari atakachouliza ni kilichokuwemo ndani.