Jamhuri Changa na Njia ya Magharibi: Utemi, Ardhi na Amri katika Igalula

Insha hii inajadili namna Jamhuri ya Tanganyika, iliyozaliwa tarehe 9 Desemba 1962, ilivyoeneza mamlaka yake katika Unyamwezi. Mahali panapotazamwa ni Igalula, stesheni ya reli ya kati iliyo mashariki ya mji wa Tabora, ambayo leo imo katika Wilaya ya Uyui. Hoja inayojengwa ni kwamba kuenea huko kuelekea magharibi hakukuwa kusogeza mpaka, kwani mpaka ulikwisha kuwekwa na wakoloni. Kilichosogea ni amri, nayo ilisogea kwa kuondolewa ngazi ya utawala iliyosimama kati ya kaya na serikali kuu.

Mfano wa Marekani unasaidia kuiona tofauti. Huko, sheria ya mwaka 1862 ilimwahidi raia ekari 160 katika ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wakinyang'anywa, naye akaenda magharibi akitumaini kupata hati yake mwenyewe. Nchi ya Igalula haikungoja mtu wa pwani aje kuifungua. Katika karne ya 19 mizigo ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilibebwa kwa sehemu kubwa na mabega ya Wanyamwezi, ambao walikuwa wakishuka pwani kabla ya wafanyabiashara wa pwani kujenga nyumba Kazeh. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walipita katika njia iliyokwisha kuchimbika kwa nyayo za watu wengine. Reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa ujumla mwelekeo huohuo.

Utemi nao usitukuzwe kupita kiasi. Baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kujilipua ndani ya ngome yake Januari 1893, mtemi yeyote aliyekalia kiti alikikalia kwa ridhaa ya mtawala wa kigeni. Waingereza walipoimarisha utawala wa kupitia wenyeji kuanzia mwaka 1926, mtemi akawa pia mkusanya kodi na msimamizi wa amri zisizopendwa. Miaka ya 1920 na 1930 watu wa sehemu kadhaa za magharibi waliondolewa katika makazi yao na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Kwa hiyo kuhamishwa kwa amri hakukuanza na jamhuri. Hata hivyo, chini ya mtemi alikuwapo mwanangwa, na mwanangwa ndiye aliyempokea mgeni, akamwonyesha mahali pa kulima, na kukumbuka shamba lipi liliachwa lipumzike na la nani. Kumbukumbu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwa mtu mwenye cheo.

Siasa ya uhuru iliufahamu vizuri mji wa Tabora. Nyerere alisoma huko, akafundisha huko, na Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika huko uliamua chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa utaratibu wake ulimlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu alijitenga kwa sababu hiyo na kuanzisha chama chake. Ni haki kusema kwamba njia ya kwenda ikulu ilipita Unyamwezi.

Mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo, na mwaka huohuo alijiuzulu. Haidaiwi hapa kwamba jambo moja lilizaa jingine. Inatosha kuona kwamba mtu mmoja alikuwa amebeba vyeo viwili ambavyo jamhuri iliona haviwezi kukaa pamoja. Mwaka huohuo tena, umiliki wa ardhi wa kudumu uligeuzwa kuwa wa muda maalumu chini ya serikali, jambo ambalo Nyerere alikwisha kulitetea mwaka 1958 katika andiko lake *Mali ya Taifa*. Alihofia kwamba ardhi ikiuzwa, wenye fedha wataimaliza. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mkulima wa Igalula hakuwa na hati ya kugeuzwa. Alichokuwa nacho ni neno la mwanangwa, na mwanangwa sasa hakuwa na cheo.

Mahali pake palichukuliwa na balozi wa nyumba kumi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, ambaye alikuwa pia katibu wa chama. Ngazi hizi zilipeleka habari chini kwa wepesi usiopata kuonekana. Kupeleka malalamiko juu zilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa aliyepaswa kuyapokea ndiye aliyetakiwa kutekeleza agizo.

Uzito huo ulidhihirika wakati wa Operesheni Vijiji. Dodoma ilitangulia mwaka 1971, Kigoma ikafuata 1972, na Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mwaka 1974 operesheni ilikuwa imeufikia mkoa wa Tabora. Katika nchi ya miombo, ambako familia hulima, huacha shamba lipumzike na kurudi baadaye, kuhamia kijijini kulimaanisha kuliacha lile la zamani libaki mahame, na kupewa jingine ambalo huenda lilikuwa la mtu mwingine. Shule, zahanati na visima viliahidiwa, na mahali pengi vilikuja kweli. Swali la shamba lilibaki.

Liliendelea kubaki hadi mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za kimila za ardhi zilizotangulia operesheni. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka mkoa wa Arusha, ilitamka kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, ikathibitisha ugawaji wote uliofanywa kijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Aliyepewa shamba katika miaka hiyo amelindwa. Aliyeondolewa humo, akitaka kudai, huanza kwa kutafuta shahidi anayekumbuka mpaka wa mwanangwa ulipita wapi.