Fahamu Maporomoko ya Theluji na Namna ya Kusafiri kwa Usalama Milimani Wakati wa Baridi

Kila msimu wa baridi, maporomoko ya theluji katika milima ya Alps barani Ulaya hugharimu maisha ya wapanda milima na watu wanaoteleza kwenye theluji nje ya njia rasmi. Katika takriban ajali 9 kati ya 10 za aina hiyo zinazosababisha vifo, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mtu wa msafara wake. Kwa sababu hiyo, vifo vingi vinaweza kuepukwa kwa kufanya uamuzi sahihi mapema.

Makala hii inatoa elimu kwa wananchi, wakiwemo wanaoishi, kusoma au kufanya kazi katika nchi zenye milima ya theluji.

Poromoko hutokeaje?

Theluji hujikusanya kwa matabaka, kila dhoruba ikiacha lake. Tabaka lililoshikamana linapolala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja lile la chini. Bamba zima la theluji hukatika na kuteremka kwa kasi pamoja na aliyekuwa juu yake. Maporomoko mengi ya aina hii huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45.

Aliye bondeni naye hayuko salama wakati wote. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya theluji nyingi kuanguka, poromoko kubwa liliingia katika kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31.

Viwango vya hatari

Tangu mwaka 1993, nchi za Ulaya zinatumia viwango 5 vya pamoja: hatari ndogo (1), ya wastani (2), kubwa kiasi (3), kubwa (4) na kubwa sana (5). Nchini Uswisi, taarifa ya hatari hutolewa na taasisi ya utafiti wa theluji, SLF, iliyopo Davos. Katika majira ya baridi taarifa hiyo hutolewa kila siku saa 11 jioni.

Kiwango cha 3 kinahitaji umakini wa pekee. Kwa kuwa kipo katikati, wengi hukidhania kuwa cha kawaida, ilhali karibu nusu ya vifo vya maporomoko nchini Uswisi hutokea katika siku za kiwango hicho.

Dalili za kuzingatia

• Maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani.
• Mlio mzito wa theluji kutitia chini ya miguu, au nyufa zinazokimbia juu yake.
• Theluji nyingi mpya, hususan iliyosukumwa na upepo mkali.
• Joto kupanda ghafla au mvua kunyesha juu ya theluji.

Dalili hizi zinapoonekana, msafara uache miteremko mikali na usipite chini yake.

Vifaa na mwenendo wa msafara

Kila msafiri abebe kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito mrefu wa kupimia kina na beleshi, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Kifaa cha redio kiwashwe tangu mwanzo wa safari. Mteremko wenye shaka uvukwe na mtu mmoja baada ya mwingine, huku wenzake wakimtazama kutoka mahali salama.

Poromoko likitokea

Anayetolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana nafasi ya takriban asilimia 90 ya kuishi. Ifikapo dakika ya 30, nafasi hiyo hushuka hadi karibu theluthi moja, kwa kuwa wengi hufa kwa kukosa hewa. Helikopta mara nyingi haiwezi kufika kabla ya muda huo, hivyo waokoaji wa kwanza ni wenzake waliopo eneo la tukio.

Mmoja apige simu ya dharura huku wengine wakianza kutafuta mara moja, kuanzia pale mhanga alipoonekana mara ya mwisho. Namba ya dharura katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Uswisi, uokoaji wa anga ni 1414. Marekani na Kanada ni 911.

Tahadhari kabla ya hatari. Kabla ya kuondoka, soma taarifa ya siku hiyo, mjulishe mtu njia utakayopita na muda wa kurejea, na kubaliana na wenzako kwamba mmoja akiona hatari, wote mtarudi.